Sentensi Niliyoimeza Koekelberg

Msiniamini upesi. Naanza na hilo kwa sababu ninyi mnaoingia sasa katika kazi ya ukalimani mna heshima nyingi mno kwa wazee wake. Mnadhani mtu aliyesimama miaka thelathini katikati ya watu wawili wasioelewana, kidaftari mkononi, lazima awe amepata busara fulani. Alichopata ni maumivu ya mgongo na mazoea ya kumshuku kila anayefungua mdomo. Mimi nina vyote viwili, na daktari amenisaidia kimoja tu, tena kidogo.

Kwa wasionijua: naitwa Idi, mtu wa Ujiji kule Kigoma, na nimekaa Brussels mpaka mvi zimenimaliza. Nyumba yangu iko Molenbeek, hatua chache kutoka kwenye mfereji, juu ya duka la Mmoroko anayeuza zeituni na ndoo za plastiki. Nimetafsiri Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza hospitalini, mahakamani, kwenye ofisi za wakimbizi, kwenye mikutano ya watu wenye tai, na makanisani. Wakongo, ambao ndio walionipa kazi nyingi kuliko wote, waliniita Tonton Idi, yaani Mjomba Idi. Sasa nimestaafu. Sababu ya kustaafu nitaisema, ila nataka kwanza mjue kazi yenyewe inavyomgeuza mtu.

Mtu akikupa hotuba yake iliyochapwa, mshukuru, kisha mshuku. Akifika ukurasa wa pili ataikunja, ataitia mfukoni na kuanza kusema mambo ya mama yake, na wewe utabaki umeshika karatasi zisizo na kazi. Shuku tafsiri inayokujia haraka sana. Mara nyingi ni ya jana, umekuja nayo kutoka kazi nyingine. Kwenye kikao, mtazame anayecheka kichekesho kabla hujakitafsiri. Huyo anaijua lugha, amejificha tu, na kila kosa lako anakuwekea akiba.

Shukuni hata kiti. Mwaka wangu wa kwanza, siku ya baridi kali, niliitwa kwenye shauri la mume na mke waliokuwa wakigombania watoto. Nikachagua kiti cha karibu na radieta, lile bomba la kupasha chumba joto, kwa sababu vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Kumbe radieta iko upande wa mume. Mke hakutoa neno saa nzima. Nilipomwuliza kulikoni, akanitazama viatu kwanza, ndipo akasema, "Mi nasema na weye namna gani, na umekaa kwao?" Wakatafuta mkalimani mwingine. Tangu siku ile nakaa katikati hata kama katikati ndipo mlango unapoingiza upepo.

Aliyeniokota baada ya aibu ile ni Maman Odile, mama wa Bukavu aliyekuwa ametafsiri mahakamani kabla mimi sijafika nchi hii. Mfupi, miwani yake imefungwa kamba, mkoba umejaa penseli. Ndiye aliyenifundisha kidaftari. Aliniambia nisiandike maneno, niandike mambo: mtu anasema fungu zima, wewe unachora alama tatu nne chini kwa chini, halafu unageuka na kuyasema. Kila jambo ukishalisema, unalikata kwa mstari wa mshazari.

"Ile umekata, umetoa," alisema. "Ile hauyakata, ni ya mwenye kusema. Haiko yako. Usilale nayo."

Na alikagua, wallahi. Kila Ijumaa alifungua kidaftari changu kama mwalimu anayesahihisha hesabu, akitembeza penseli kwenye kila ukurasa. Akiona alama isiyokatwa aliigonga. "Hii ilienda wapi?" Nikisema nilisahau, alinitazama juu ya miwani. Hakuamini kusahau. Kwake, mtu hasahau sentensi, anaiacha. Nilidhani ni ukali wa uzee tu.

Sasa njooni Koekelberg, mtaa wa jirani. Kuna kanisa moja la watu wa Kivu pale, katika ukumbi uliokuwa karakana ya magari, na kwenye dirisha la nyuma unaliona kuba la kijani la basilika. Ni watu kama mia na thelathini hivi: wanaohudumia wazee, wasafishaji, wanafunzi, wachache wa ofisini. Wakija wageni wanaohubiri kwa Kiingereza, waliniita mimi. Mimi ni Mwislamu na wao walijua, maana Ramadhani nilikuwa naikataa sahani yao ya wali na sombe, yaani kisamvu, huku macho yakiitazama.

Siku ya kwanza kabisa alinijia mama mmoja mnene, mwenye sauti ya chini, Maman Furaha, anayefanya kazi kwenye nyumba ya wazee kule Laeken. Akanivuta pembeni kwenye kabati la makoti.

"Tonton, weye ni Mwislamu. Ukifika kwa jina ya Yesu, utaisema na nguvu yote, ao utaipunguza?"

"Nitalisema kama alivyolisema yeye, Maman," nikamjibu. "Akipaza nitapaza. Akinong'ona nitanong'ona."

"Bon. Nitakuchunga mudomo."

Na alinichunga. Miaka mitatu alikaa safu ya pili, macho kwenye midomo yangu. Ili nisimpe sababu nilinunua Biblia ileile wanayosoma wao, nikaitia vipande vya karatasi. Hilo liandikeni: mgeni akinukuu aya, usijitie kuitafsiri mwenyewe. Watu wale wanaijua kwa moyo. Ukibadilisha neno moja wanakutazama kana kwamba umewaibia kiti. Fungua, soma ya kwao. Baada ya mwaka mmoja akina mama walikuwa wakiniuliza mimi, Mwislamu wa Ujiji, aya fulani iko sura ya ngapi.

Miaka hiyo Amerika ilikuwa ikigombana juu ya kura, na Brussels nzima iligombana nayo kana kwamba sanduku limewekwa pale sokoni kwetu. Chama hiki kikishindwa, kura zimeibwa. Chama kile kikishindwa, watu wamezuiwa kupiga kura. Huku Mungu anavutwa shati pande zote mbili, kila mmoja akiapa kwamba ni wa kwao. Mimi sipigi kura Amerika. Lakini nilikuwa na upande, kama vile mtu anavyokuwa na timu ya mpira katika nchi ambayo hajawahi kufika, na ninyi mkisema hamna upande nawashuku zaidi. Upande upi, si kazi yenu. Kumbukeni tu kwamba haukuwa wa mhubiri ninayetaka kuwaeleza habari zake.

Mhubiri huyo alitoka Amerika kwa siku tatu. Nilimngojea kwa ubaya. Nilishasikia kwamba katika kila nchi anayopita anawaambia watu kwamba chama chake kilinyang'anywa ushindi. Nikatazamia mtu wa majivuno. Akaja mtu mrefu, mpole, aliyeniuliza jina langu mara mbili ili alitamke sawasawa, na aliyekuwa akinisogezea glasi ya maji kabla ya kunywa yake. Nikamshuku zaidi kwa sababu ya maji yale.

Mambo yaliangukia wiki ambayo kanisa lenyewe lilikuwa na uchaguzi. Kila baada ya miaka michache wanamchagua rais wa komite. Aliyekuwepo, Papa Déo, alikuwa amekalia kiti hicho miaka kumi na miwili. Dereva wa basi mstaafu, mtu wa watu: benchi za ukumbi ule alizipiga misumari yeye, na wagonjwa wengi walifika hospitali kwa gari lake. Safari hii akina mama walimsimamisha Maman Furaha.

Namna yao ya kupiga kura waliitoa nyumbani, kwenye makanisa ya milimani ambako bibi wengi hawakusoma. Nyuma ya pazia kuna bakuli mbili: moja ya maharagwe, moja ya mahindi. Kila mgombea ana mbegu yake. Unaingia peke yako, unachukua punje moja, unaitumbukiza katika kopo la biskuti lililofunikwa kitambaa chenye tundu, unatoka. Leo wote wanaandika kwenye simu mchana kutwa, lakini punje wamezishikilia. Na anayehesabu hawi mshirika wa kanisa, ili asije akaambiwa amempendelea shemeji. Mwaka ule wakaniomba mimi. Papa Déo mwenyewe ndiye aliyetaja jina langu. "Tonton hana mutu wake humu," alisema, na wote wakakubali.

Uchaguzi ulikuwa Jumapili. Jumamosi mchana mhubiri alisimama, mimi kushoto kwake, kidaftari mkononi. Wakalimani wengi wa makanisani hawaandiki kitu, wanakamata sentensi kwa sentensi. Mimi niliandika hata salamu. Alizungumza vizuri juu ya ndoa, juu ya watoto, kisha akafika kwenye kura za kwao. Akasema hivi, na hili ndilo fungu zima, kama lilivyo: "Sisi walituibia. Naliamini hilo moyoni. Mahakama zimesema hapana, na sina karatasi ya kuwaonyesha. Mnaweza kunikatalia, na bado tukasali pamoja."

Nikatafsiri: "Sisi walituibia. Naliamini hilo moyoni."

Watu wakapiga makofi, mpiga kinanda akaingia na ule mlio wa kupandisha watu, ukumbi ukasimama. Kinanda kikishaingia mkalimani ananyamaza, huo ni utaratibu. Kikatulia. Mhubiri akanitazama akingojea, maana alijua bado kuna kipande. Nikamtikisia kichwa kwamba endelea. Akaendelea na mambo mengine.

Jumapili baada ya ibada, mhubiri akiwa ameshaondoka, wakapiga kura. Ukumbi ulikuwa baridi, mtambo wa joto umeharibika, kwa hiyo nilihesabu nimevaa koti langu la baridi, lile lenye mifuko sita. Nilimimina punje juu ya meza mbele ya wote, nikazitenga kwa kidole, nikazihesabu mara mbili kwa Kifaransa ili wasikie. Mahindi, cinquante-neuf, hamsini na tisa. Maharagwe, soixante-huit, sitini na nane. Maharagwe yalikuwa ya Maman Furaha. Alikuwa ameshinda kwa punje tisa.

Papa Déo hakupiga kelele. Alisimama akavua kofia.

"Bon. Bandugu, mutumishi wa Mungu alituambia nini hapa jana? Batu ya Mungu banaweza kuibiwa. Alisema 'walituibia.' Hakusema pengine. Muntu mukubwa vile, anatoka mbali vile, hawezi kusema bila kujua. Alors mi nauliza: haragi iko na jina ya mwenyewe? Haragi inauzwa kila fasi. Na Tonton, juu ya nini alihesabu na koti?"

Watu wote wakalitazama koti langu. Nililitazama na mimi. Mara ya kwanza radieta ilinivuta upande wa mume. Sasa kukosekana kwake kumenivalisha mifuko sita. Niliichomoa yote nje, mmoja baada ya mwingine, zikatoka leso, ufunguo na tasbihi. Ile tasbihi haikunisaidia.

Wiki mbili zilizofuata ukumbi uligawanyika kama nywele. Waliokuwa wa Papa Déo walihamia benchi za kushoto. Akina mama waliokuwa wakibadilishana sahani waliacha. Kwenye simu zikazunguka sauti za watu wasiojitaja: Furaha amewekwa na Waislamu, Furaha ana mkono wa wale wasiomtaka Mungu Amerika. Mama wa watu anaosha wazee Laeken, anapanda metro alfajiri, leo ana mkono Amerika. Wengine walimfuata mpaka kazini kwa ujumbe. Nilimkuta kituo cha metro, uso umemvimba.

"Tonton, mi niliosha bazee miaka kumi na tano," akaniambia. "Hereni ya zahabu ya bamaman bazungu inabakia kwa mikono yangu. Hakuna siku muntu aliniita mwizi. Leo ni bandugu yangu ya kanisa. Nitaacha ile kiti. Lakini nikiacha, batasema: mumeona, aliiba, sasa anarudisha."

Nilijua dawa iliko. Iko mfukoni kwangu, kwenye kidaftari, ukurasa wa Jumamosi. Papa Déo alikuwa amesimama juu ya maneno ya mhubiri, na maneno ya mhubiri yalikuwa na mkia: mahakama zimesema hapana, sina karatasi. Ningeusema tu ule mkia. Lakini hesabuni na ninyi: ili niuseme, sharti nikiri kwamba niliuacha. Na mtu anayeacha sentensi mbele ya watu mia na thelathini, nani atamwamini kwamba hakuacha punje? Nikisema, huenda nikammalizia Maman Furaha kabisa. Nikinyamaza, anaendelea kuitwa mwizi. Nilizunguka na hilo siku nne, nikiwa nimejishikilia kwenye kinanda. Kinanda ndicho kilichonikatiza. Utaratibu ni utaratibu.

Siku ya tano nikaenda Laeken kwa Maman Odile. Alikuwa tayari mzee sana, anakaa kwenye nyumba ileile anayofanyia kazi Maman Furaha, na ni Maman Furaha aliyekuwa akimchana nywele. Kwa hiyo habari alikuwa nazo, tena nyingi kuliko zangu. Hakunikaribisha hata kukaa. Alinyoosha mkono.

"Lete kidaftari."

Penseli yake ilijua njia. Ikashuka kwenye ukurasa: kisanduku chenye mshale unaotoka, yaani kura zimeibwa, kimekatwa. Moyo, umekatwa. Chini yake mizani yenye alama ya kukataa, karatasi yenye alama ya kukataa, mikono miwili imeshikana. Vitatu hivyo, safi, havina mstari.

"Hii ilienda wapi?"

"Kinanda kiliingia, Maman."

"Kisha kikanyamaza?"

"Kikanyamaza."

"Na weye?"

Akavua miwani, kitu ambacho sikuwahi kumwona akikifanya.

"Idi, usinidanganye na kinanda. Nilikufundisha mi."

Basi nikasema. Nilisema jambo ambalo sikuwa nimejiambia hata mimi mwenyewe. Sikumpenda yule mtu. Nilikuja kanisani nikitaka awe mwongo, na kwa sentensi mbili za kwanza alikuwa vile nilivyotaka. Halafu akaanza kuwa mtu wa haki: anakiri hana ushahidi, anaruhusu akataliwe. Ule mkia ulimpendezesha. Sikutaka apendeze. Kinanda kiliponipa nafasi niliichukua. Niliona haya mpaka masikio yakawaka, mzee mzima nimesimama mbele ya kitanda cha bibi kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni.

Maman Odile akavaa tena miwani yake.

"Basi mwizi iko," alisema. "Aliiba sentensi ya mugeni. Na hakuna maharagi ndani." Akanirudishia kidaftari. "Ukienda kusema, pengine kazi imekwisha. Usipoenda, mi najua. Na ule anayenichana nywele ataendelea kulia juu ya kichwa yangu."

Jumapili ile nilimwomba mchungaji wao dakika tano baada ya matangazo. Nilisimama palepale pa siku zote, kushoto, ingawa kulia kwangu hapakuwa na mtu. Nikaeleza mistari ya mshazari ni nini. Nikawasomea fungu zima, sentensi zote, kwa Kiingereza kisha kwa Kiswahili. Nikasema: "Hiki kipande sikukisahau. Nilikiacha kwa kuwa sikumpenda aliyekisema." Nikaketi nusu, nikakumbuka sijamaliza, nikasimama tena nikasema kwamba punje nilizihesabu sawasawa na sina njia ya kuwathibitishia.

Kutoka nyuma mtu akasema bila kuinuka, "Muntu alimeza maneno, anashindwa kumeza mahindi?"

Kulikuwa na minong'ono ya kukubali. Lingekuwa swali langu hata mimi. Nilimwona Maman Furaha ameinamisha kichwa, nikadhani nimemzika.

Papa Déo akaja mbele. Polepole, magoti ya dereva. Akachukua kidaftari, akakisogeza mbali na macho, akakisogeza karibu.

"Hii karatasi na alama hii, ni nini?"

"Ni pale aliposema hana karatasi ya kuwaonyesha."

"Alisema ye mwenyewe?"

"Yeye mwenyewe."

"Na tribunal ilikatala, alisema?"

"Alisema mahakama zilikataa, Papa. Na mnaweza kumkatalia, mkasali pamoja."

Akakaa na kidaftari kile muda mrefu hata mtoto fulani akaanza kuuliza kama ibada imekwisha. Kisha akageukia benchi za kushoto, watu wake.

"Bandugu, mi nilisimama juu ya maneno ya ule muntu. Nilizania ye iko na karatasi. Alors, kama ye hana, na mi sina." Akanielekezea kidole bila kunitazama. "Sisemi naamini koti ya Tonton. Ile koti siiamini mpaka leo. Nasema tu: sina karatasi." Akamwendea Maman Furaha, akampa mkono, akamwita présidente, akarudi kuketi. Hakurudi kushoto. Aliketi kwenye benchi ya kwanza aliyoikuta tupu.

Siku hizi kuna simu zinazotafsiri zenyewe. Nimeona wachungaji wakiziweka juu ya mimbari, na watu wanazipenda, maana simu haikai Molenbeek, haifungi Ramadhani, haivai koti. Hakuna anayeiuliza iko chama gani. Nayo humeza, nimeisikiliza kwa makini, inameza vizuri kuliko mimi. Ila haina kidaftari cha kuletewa Maman Odile. Ndiyo maana nawaambia muandike kwa penseli, mkate kwa mkono wenu, na mumpate mtu asiyewapenda sana awakague.

Baada ya Koekelberg nilikuwa na kazi moja tu iliyobaki, niliyokuwa nimeikubali zamani: mkutano mdogo katikati ya mji, mgeni mama mmoja kutoka Amerika, wa chama kile kingine. Wa upande wangu, mkitaka kujua. Alisema kwamba kwao kuna sheria zinazowafungia watu mlango wa kupiga kura, na kwamba wapinzani wao wamemgeuza Mungu kuwa beji ya chama. Nilitafsiri kwa raha, sauti yenyewe ilikuwa inapanda. Halafu akaongeza: "Na sisi pia tukishindwa, tunao wanaopiga kelele ya wizi bila ushahidi. Na sisi pia tunalo jina la Mungu mdomoni siku ya kampeni." Hilo sikutaka kulisema, nawaambieni kweli. Nikalisema lote, nikalikata kwa nguvu mpaka karatasi ikachanika. Nje, kwenye kahawa, bwana mmoja akaniuliza ni nani aliyenituma kumharibia yule mama mwishoni. Dakika chache baadaye bibi mwingine akaniuliza kwa nini nimempamba. Nikajua nimefanya kazi sawasawa, na nikajua kwamba sina nguvu ya kuifanya tena. Nikastaafu mwezi ule.

Hapa nilitaka kumaliza. Lakini ninapoisoma karatasi hii tangu juu naona nimefanya tena mchezo uleule. Nimewapa Papa Déo na mkono wake, nimewapa mama wa mkutano, ili mniache nikiwa nimesafishika. Kuna jambo nimelipitia juu, nalo ni la mtu ambaye ndiye alikuwa na la kupoteza kuliko sisi sote.

Siku ile nilipokiri, watu walipoanza kutawanyika, nilikwenda kuchukua kofia yangu kwenye kabati la makoti. Maman Furaha alikuwa amesimama palepale aliponisimamisha siku ya kwanza. Nilitegemea shukrani. Naona aibu kuandika hivyo, lakini nilizitegemea. Nilikuwa nimeshaandaa hata namna ya kuzikataa.

"Tonton," akasema kwa ile sauti yake ya chini, "maharagi ulihesabu muzuri. Mi najua. Lakini hautasimama tena pale mbele. Ni mi rais sasa, na ni kitu ya kwanza naamua."

"Nimeelewa, Maman."

Akanishikia koti nilivae, akanifungia kifungo cha juu kama anavyowafungia wazee wake, kwa sababu nje palikuwa na upepo.

"Miaka tatu nilikuchunga mudomo kwa jina ya Yesu," akasema. "Kumbe ile, hata siku moja haukuipunguza. Nilipaswa kukuchunga kwa Amerika."

Sasa nimelisema. Nalikata mstari.